Jina Lake ni Wanjiku

Ninyi mlio jikoni mkipika chai, ninyi mlio safarini kwenda kazini, na ninyi mlio wagonjwa kitandani, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya jina moja tu. Si jina la nabii wala la mtume. Ni jina la Wanjiku.

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Hilo ni jina la Wakikuyu, nalo lanihusu nini mimi?" Mvumilie kidogo, ndugu. Kwenu pia kuna Otieno aliyezaliwa usiku, na Wafula aliyezaliwa wakati wa mvua. Tutakayosema juu ya Wanjiku utaweza kuyachukua na kuyapeleka nyumbani kwako.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa utumishi wetu, tukiwa tumetoka chuo cha theolojia juzi juzi. Walitujia kijana mmoja na mkewe, wamembeba binti yao wa kwanza, mtoto wa miezi minne. Walitaka abatizwe. Tukafungua daftari, tukauliza jina la mtoto. Baba yake akasema, "Wanjiku." Tukaandika. Kisha tukauliza, "Na jina la Kikristo?" Akajibu, "Ni hilo tu, Mchungaji. Ni jina la mama yangu."

Hapo tukaweka kalamu chini. Tukawaeleza kwamba desturi ya kanisa letu ni kila abatizwaye kupata jina jipya, na kwamba wazee wa kanisa hawatakubali vinginevyo. Tukawaambia, "Nendeni nyumbani mkatafute jina la Kikristo, kisha mrudi." Wakaondoka polepole, bila kusema neno. Nasi tukafunga daftari tukiwa na furaha, tukidhani tumeilinda imani.

Wiki iliyofuata akaja nyanya yake mtoto, akitembea kwa fimbo. Tulimjua sana. Alikuwa mmoja wa akina mama waliobeba mawe mgongoni kutoka mtoni wakati kanisa letu lilipojengwa. Tulimkaribisha chai, akanywa, akapumzika. Kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau mpaka leo.

"Mchungaji, mwanangu," alisema, "mimi nilibatizwa nikiwa msichana, katika miaka ya 1950. Nilipewa jina zuri la Kizungu. Lakini jina lile lilikuwa na herufi ya L mahali pawili, na sisi Wakikuyu wa zamani hatuna herufi hiyo mdomoni. Basi sikuweza kulitamka, wala hakuna aliyeniita kwalo. Mwaka jana nilipelekwa hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Muuguzi akatoka na karatasi, akaita jina mara tatu. Mimi nikanyamaza, nikimhurumia huyo anayeitwa asiyeitika. Kumbe ni mimi! Karatasi yangu ikawekwa chini kabisa, nikahudumiwa wa mwisho, jua likitua."

Tulicheka, naye akacheka. Kisha uso wake ukabadilika. Akauliza, "Sasa niambie, Mchungaji. Siku ile ya mwisho Bwana ataniita kwa jina gani? Akiniita kwa lile la daftari, naogopa sitaitika."

Wapenzi, tulimjibu kwa maneno mengi tuliyofundishwa chuoni. Alitusikiliza kwa heshima, akamaliza chai yake, akatushukuru, akashika fimbo yake akaenda zake. Lakini swali lake hatukulijibu.

Basi tutazame jina hili lilitoka wapi. Wazee wa Kikuyu husimulia kwamba Mungu, ambaye wao humwita Ngai, alimwonyesha mtu wa kwanza, Gikuyu, nchi nzuri kutoka juu ya Mlima Kenya, ambao wao huuita Kirinyaga. Akamwambia ajenge mahali palipoitwa Mukurwe wa Nyagathanga, katika sehemu za Murang'a za leo. Huko Gikuyu akamkuta Mumbi, mkewe. Wakazaa mabinti kenda, wala hawakuwa na mwana wa kiume. Wazee husema kenda kamili, maana walikuwa na mwingine wa kumi, ila kuhesabu watoto mpaka kumi kulikuwa mwiko. Mabinti walipokua, Gikuyu akamwomba Ngai, akatoa dhabihu chini ya mti wa mugumo, na vijana wakapatikana wa kuwaoa.

Kutoka kwa mabinti hao zikatoka koo za Wakikuyu. Wanjiru ni mama wa Anjiru, Wambui ni mama wa Ambui, na Wanjiku ndiye mama wa ukoo wa Agaciku. Jomo Kenyatta aliiandika hadithi hii katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1938. Humo asimulia pia kwamba zamani wanawake walitawala, mpaka wanaume wakawapindua. Wanaume walipotaka kubadili na majina ya koo, wanawake walikataa kabisa. Walisema kwamba majina yao yakifutwa, hawatazaa tena. Wanaume wakaogopa, wakayaacha. Ndiyo maana mpaka leo mzee mwenye mvi na ndevu, ukimwuliza ukoo wake, atakutajia ukoo wenye jina la mwanamke.

Hiyo ni asili ya jina. Je, kwa nini limeenea hivi? Ingia katika darasa lolote huko Kiambu, Murang'a au Nyeri, uite "Wanjiku!" Huenda wakasimama wawili au watatu. Mjini vijana hulifupisha wakasema Ciku au Shiku, lakini jina ni lile lile.

Sababu yake ni desturi ya kuwapa watoto majina. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, na wa pili jina la baba ya mama yake. Binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake. Baada ya hao hufuata wajomba, shangazi na ndugu wengine. Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukueni mama mmoja aitwaye Wanjiku, mwenye wana 4 na mabinti 3. Kila mwana akipata binti, wa kwanza ataitwa Wanjiku. Kila binti akipata mabinti wawili, wa pili ataitwa Wanjiku. Hivyo mama huyu anaweza kuona wajukuu 7, wote Wanjiku! Huwatofautisha kwa kutaja jina la baba: Wanjiku wa fulani, na Wanjiku wa fulani.

Wala hili si jambo la sauti tu. Mtoto aliyepewa jina la nyanya yake huhesabiwa kwamba nyanya amezaliwa tena ndani yake. Utamsikia mwanamke akimwita bintiye mdogo "mama," kwa kuwa ana jina la mama yake mzazi. Nyanya naye humchukua mjukuu huyo kama rafiki wa rika lake. Mzee akimtazama mtoto huyo akicheza uani, ajua kwamba hatasahauliwa. Basi tulipomrudisha yule mtoto nyumbani, hatukumrudisha mtoto peke yake. Tulimrudisha na nyanya yake pia.

Lakini twapaswa kuwa waangalifu tusiwacheke wazee wetu waliotangulia katika imani. Wengi wao walipopokea majina mapya, waliyapokea kwa upendo na kwa gharama. Wengine walifukuzwa nyumbani. Jina jipya lilikuwa kama vazi jipya, likionyesha kwamba wameacha njia ya kale na kumfuata Kristo. Mtu aliyebatizwa Petro au Yohana akasimama imara hakudanganywa, wala hatumwambii leo alivue jina lake. Kosa halikuwa katika kumpa mtu jina la Petro. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba Wanjiku hawezi kuwa jina la Mkristo.

Tafadhali fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Mtume Paulo anatuma salamu kwa Wakristo wengi, akiwataja kwa majina. Yupo dada Fibi, aliyelihudumia kanisa la Kenkrea. Jina hilo lilikuwa la mungu wa kike katika hadithi za Wayunani. Yupo Herme, na Herme alikuwa mjumbe wa miungu yao. Yupo Nerea, mwenye jina la mungu wao wa bahari. Na mhubiri hodari Apolo, ambaye twasoma habari zake katika Matendo ya Mitume, jina lake latokana na mungu wao Apollo. Je, Paulo aliwaambia wabadili majina? Hakuwaambia. Aliwabadili mioyo kwa Injili, na majina yao akayaandika katika waraka ambao ulimwengu wote wausoma hata leo.

Mwingine atasema, "Lakini Dennis ni jina la Kikristo, na Martin pia." Ni kweli, leo ni ya Kikristo. Lakini Dennis latoka katika Dionisio, na Dionisio latoka kwa mungu wa mvinyo wa Wayunani. Martin latoka kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi. George maana yake ni mkulima tu. Majina haya hayakutoka mbinguni. Yalifanywa kuwa ya Kikristo na watu walioyachukua wakaishi vizuri wakiwa nayo.

Tena, sisi Waanglikana tukumbuke historia yetu. Mwaka 597 mtawa Augustino alifika Kent, Uingereza, akitoka Rumi, akawahubiria Waingereza waliokuwa wakiabudu miungu ya baba zao. Mfalme wao Ethelbert akaamini, akabatizwa. Hakuitwa kwa jina la Kirumi. Aliitwa Ethelbert kabla ya ubatizo, akaitwa Ethelbert hata siku ya kufa kwake. Basi ikiwa mfalme wa Waingereza alibatizwa na jina la baba zake, kwa nini binti wa mkulima wa majani chai azuiwe?

Watu wetu wenyewe wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1964 ikiwa na jina James Ngugi. Baadaye aliliacha jina la James, na kanisa pia aliliacha, jambo ambalo latuhuzunisha na kutufanya tujiulize tulikosea wapi. Profesa Wangari Maathai alichukua jina la Mary Josephine akiwa shuleni, lakini alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, dunia nzima ilimjua kwa jina la Wangari, ambalo lina chui ndani yake, kwa maana ngari kwa Kikuyu ni chui.

Na Wanjiku je? Mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi yetu ilipokuwa ikibishana juu ya katiba, Rais Moi aliuliza Wanjiku anajua nini juu ya mambo ya katiba. Alitaja jina hilo akiwa na maana ya mwananchi wa kawaida, yule auzaye mboga sokoni. Lakini wananchi wakalichukua jina hilo kwa fahari. Wachoraji wa katuni wakamchora Wanjiku magazetini. Kila mtu, awe Mluo, Mkamba, Msomali au Mgiriama, akaanza kusema, "Tumwulize Wanjiku." Na katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, kifungu chake cha kwanza kabisa kiliweka mamlaka yote mikononi mwa watu wa Kenya. Jina lililotajwa kwa kudharauliwa likawa jina la taifa zima.

Sasa turudi kwenye hadithi yetu. Miezi miwili baada ya ile chai, yule nyanya aliugua ghafula, akafariki kabla mjukuu wake hajabatizwa. Siku ya mazishi watu walijaa mpaka shambani kwa jirani. Tulisimama kando ya kaburi, tukafungua kitabu cha ibada, tukamtaja marehemu kwa jina lake la daftari. Palikuwa na mnong'ono. Tukalitaja tena. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa nyuma, asiyesikia vizuri, akauliza kwa sauti kubwa, "Wanamzika nani? Sisi tumekuja kumzika Wanjiku!"

Hakuna aliyecheka. Tulimtazama mwanawe, naye alikuwa amemshika yule mtoto mikononi, macho yake yakitutazama. Wapenzi, tuliona haya. Huyu mama aliuliza swali, nasi pale kaburini tulikuwa tukimwita kwa jina lile lile alilosema hataitika. Tukafunga kitabu kwa muda. Tukasema, "Twamkabidhi mikononi mwa Mungu dada yetu Wanjiku." Na watu wote wakasema Amina, kwa sauti ambayo hatujaisikia tena kaburini.

Juma lile tulikutana na wazee wa kanisa, tukawaeleza. Wengine walisita. Lakini aliyekuwa mzee kuliko wote alisema hivi: "Kitabu cha Sala chamwagiza kasisi aulize jina la mtoto. Hakisemi liwe la nchi gani." Basi shauri likaisha. Jumapili iliyofuata wazazi wakaja. Tukauliza jina, na baba akalitaja. Tukamwagia mtoto maji, tukambatiza Wanjiku, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Lakini yule aliyetamani kulisikia neno hilo hakuwapo kanisani. Hilo ni deni letu, na hatuwezi kulilipa.

Wapenzi wasikilizaji, yapo mambo mawili twataka mwende nayo.

La kwanza ni kwa wale wanaoipenda desturi. Desturi ni njema, lakini si bwana wetu. Twasoma katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, kwamba mtoto wa Elisabeti alipozaliwa, jamaa na majirani walitaka aitwe Zakaria, kama baba yake. Elisabeti aliposema ataitwa Yohana, walipinga, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa jamaa yake mwenye jina hilo. Mwaona? Walikuwa kama sisi kabisa! Lakini Mungu alikuwa na shauri lake juu ya mtoto yule. Kwa hiyo, enyi wakwe, msivunje nyumba za watoto wenu kwa kugombania majina. Wala msimdharau binti yenu ambaye hajapata mtoto, mkisema amelizima jina. Katika Isaya sura ya 56 Mungu anawaahidi wale wasio na watoto kumbukumbu na jina lililo bora kuliko kuwa na wana na mabinti, jina lisilokatiliwa mbali. Wewe usiye na mjukuu wa kukurithi, usilie kama asiye na tumaini. Jina lako lipo nyumbani mwa Mungu.

La pili ni lile swali la nyanya. Bwana ataniita kwa jina gani? Leo, baada ya miaka mingi, twadhani twaweza kumjibu. Nendeni katika Injili ya Yohana, sura ya 20. Mariamu Magdalene amesimama nje ya kaburi akilia. Yesu anasimama mbele yake, naye hamtambui. Anamsemesha, wala bado hamtambui. Anadhani ni mtunza bustani. Kisha Yesu anasema neno moja tu, jina lake. Papo hapo Mariamu anageuka na kumwitikia kwa lugha yake mwenyewe. Bwana aliyefufuka hakumwita kwa jina la daftari. Alimwita kwa jina alilolijua tangu utoto, jina aliloitwa na mama yake akiitwa kula.

Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, nao huijua sauti yake. Hakosei matamshi, wala haweki karatasi ya mtu chini kabisa. Basi twaamini kwamba mama yule, aliyebeba mawe ya nyumba ya Mungu mgongoni, atakapoitwa siku ile, hatakaa kimya kwenye benchi akimhurumia mwingine. Atajua ni yeye. Ataitika.

Na wewe unayetusikiliza, je, umeitwa, nawe hujaitika bado? Labda umedhani anaitwa mtu mwingine, mtu wa kanisani, mtu mwenye jina kubwa. Ni wewe anayekuita.

Tuombe. Ee Bwana, wewe watujua kwa majina yetu tangu tumboni mwa mama zetu. Utusamehe sisi watumishi wako tulipofunga mlango uliokuwa umeufungua. Uwabariki nyanya na babu zetu, na watoto wanaochukua majina yao. Uwakumbuke wale wasio na wa kuwarithi. Utufundishe kuijua sauti yako, ili utakapotuita tuitike upesi. Twaomba haya katika jina lipitalo kila jina, jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.